Majani ya Wageni

Kwetu mgeni haonyeshwi jikoni. Anaketishwa sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, anamiminiwa mursik, maziwa yaliyolala kibuyuni hadi yakaiva, na mpaka aage hatajua kama bati linavuja au ng'ombe amekataa kukamuliwa. Hiyo ni heshima. Nimelelewa nayo na ninaipenda. Lakini heshima hiyohiyo ndiyo ilitaka kuniulia kazi, na nitasimulia ilivyokuwa bila kumwogopa mtu, awe mwalimu wangu wa chuo kikuu au mama yangu mzazi.

Nyumbani ni juu ya Roret, upande wa Kericho, shamba dogo la chai linaloteremka hadi mtoni. Mama amechuna chai tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilianza nikiwa bado sijaupita mchai kwa urefu. Baadaye nikasoma, nikawa mhandisi, na nilipofika shahada ya uzamifu nikaulizwa ninataka kuchunguza nini. Wenzangu walikuwa wanachagua mambo makubwa makubwa: madaraja, setilaiti, magari ya umeme. Mimi nikasema ninataka kujua kwa nini majani ya mama yangu yanaungua ndani ya gunia. Kuna mtu alicheka pale darasani. Acheke tu.

Jambo lenyewe si gumu. Jani la chai likichunwa halifi papo hapo. Linaendelea kupumua, na pumzi yake ina joto. Likitandazwa mahali penye hewa, joto linaondoka. Likishindiliwa guniani likasubiri, joto linakosa njia, na gunia linaanza kujipika lenyewe kutoka katikati. Ukilifungua unakuta majani yamegeuka mekundu na yananuka kama ndizi zilizolala. Majani ya namna hiyo kiwanda kinayakata bei, na mtu akichuna asubuhi yote kwa mvua halafu akaambiwa hivyo, anarudi nyumbani akihesabu hasara.

Na gunia linasubiri nini? Linasubiri lori. Sisi wakulima wadogo hatuna kiwanda mlangoni. Tunapeleka majani kituoni, kibanda cha mbao na mabati kando ya barabara, karani anapima, kisha lori la kiwanda linakuja kuyachukua. Linatakiwa kufika mchana. Barabara ikiteleza halifiki. Likiharibika kule upande wa Sotik halifiki. Dereva akitumwa kwingine kwanza, pia halifiki. Jua linainama, watu wameketi, na kila anayeingia anamuuliza aliyetangulia, "Lori litafika saa ngapi?" Swali hilo nimelisikia tangu nikibebwa mgongoni, na sijawahi kumsikia mtu akilijibu.

Kiwanda kilisema majani yanaungua kwa sababu mkulima ni mzembe, anachuna ovyo na kushindilia. Wakulima walisema ni lori. Mradi wetu wa chuo ulitaka kujua nani ana haki, na uliwaunganisha watu wa uhandisi, wa kemia na wa uchumi. Mimi nilikuwa wa kupima joto, mkemia aseme joto hilo limeharibu nini ndani ya jani, na mchumi aseme hasara imemwangukia nani. Wote waliegemea vipimo vyangu. Msimamizi wetu alikuwa profesa mwenye jina kubwa, mtu msafi kweli, hata viatu vyake vya kwendea shambani vilikuwa vinang'aa. Alipenda grafu iliyonyooka.

Chuo kina sheria, na sheria hii siipingi: huwezi kupima mali ya mtu bila ridhaa yake. Basi nikampigia Mama simu, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wa kituo, nikamwambia siku tutakayokuja na vipimajoto. Mama akafurahi kupita kiasi. Akaingia kwenye kundi la simu la kituo akatuma ujumbe wa sauti, ambao nilikuja kuusikia baadaye: "Watu wangu, wageni wa chuo kikuu wanakuja kuona majani yetu. Binti yangu ndiye anawaleta. Tafadhalini, msiniaibishe."

Mungu wangu! Nilipofika siku hiyo nilidhani nimekosea njia nikaingia harusini. Kituo kilikuwa kimefagiliwa na kunyunyiziwa maji kuzuia vumbi. Kina mama wamevaa sweta za kanisani na leso mpya, kwenda kupimisha chai! Na majani sasa. Hakuna aliyechuna asubuhi. Walichuna mchana karibu na saa ya kuja, majani mawili na kichipukizi, mawili na kichipukizi, kama watu wanaochagua mchele wa pilau. Hakuna gunia lililojaa hata nusu. Walipofika waliyatandaza kwenye meza za fito, wakayafunika na majani ya migomba, na mama mmoja alikuwa anayapepea kwa kipande cha katoni.

Lori likachelewa kama kawaida yake. Vipimajoto vyangu vilisoma ubaridi mwanzo hadi mwisho. Profesa alikula kuku, akanywa mursik bila kukunja uso, jambo lililomfanya apendwe papo hapo, akapiga picha na Mama mbele ya mizani. Tukarudi mara ya pili. Nikatoa taarifa mapema kama sheria inavyotaka, na tukapokewa vilevile, safari hii kuku wakiwa wawili.

"Prof., vipimo hivi si vya kweli," nilimwambia ofisini kwake.

"Kwa nini? Umepima vibaya?"

"Nimepima vizuri. Ila nimepima majani ya wageni. Siku za kawaida hakuna anayechuna vile wala kutandaza vile. Mtu ana watoto, ana ng'ombe, ana shamba la mahindi. Anachuna kuanzia alfajiri, anajaza, anapeleka."

Akavua miwani. "Una ushahidi?"

"Ushahidi ni kwamba nimezaliwa pale."

"Huo si ushahidi," akasema. "Hiyo ndiyo shida yako. Wewe ni mtoto wa pale, una upendeleo. Takwimu zinaonyesha lori linachelewa na majani hayaungui. Andika hivyo. Kama una takwimu nyingine zenye ridhaa, zilete kabla ya utetezi wa tasnifu yako."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Yaani mtu wa mbali akitazama shamba mara mbili huku amebeba sahani ya kuku ni mtafiti, na mimi niliyekua nikinuka utomvu wa chai nina upendeleo! Nikamwambia sitatia jina langu kwenye uongo. Akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba basi huenda nisiwe na shahada ya kutilia jina. Nikamjibu kwamba kuchuna chai ninajua, sitakufa njaa. Nilitoka nikafunga mlango wake vizuri kabisa, maana kuubamiza kungempa cha kusimulia.

Kilichobaki kilikuwa ridhaa. Nilihitaji kituo kikubali nije siku yoyote bila kutangaza, nipime majani kama yalivyo. Nikapanda gari hadi nyumbani, nikamkuta Mama jikoni anasonga ugali, nikachuchumaa kando ya moto na kumweleza.

"Unataka kutuvizia," akasema.

"Nataka kupima yale mnayopeleka kila siku, Mama."

"Yale nyekundu?"

"Hayohayo."

Akauacha mwiko ndani ya sufuria. "Watu wa chuo waone majani yangu imeiva kama mboga? Waseme mama yako hajui kazi? Wewe! Nyumba inafagiliwa kabla mgeni hajaingia. Hiyo hukufundishwa huko ulikosoma?"

"Nilisomeshwa na hayo majani mekundu, Mama."

Alipakua, tukala, akaosha vyombo mwenyewe ingawa niliviomba. Tuna vichwa vigumu katika ukoo wetu na cha kwangu sikukiokota barabarani. Niliamua kukaa. Kila asubuhi niliamka naye, nikafunga epuroni ya plastiki, nikachuna mstari wangu na yeye wake. Tuliongea habari za ng'ombe, za harusi ya binamu, za mchungaji anayehubiri mpaka ugali unapoa. Habari za kituo hatukuzigusa.

Kisha ikaja ile Alhamisi. Tulifikisha magunia yetu mapema, karani akayapokea na kuyapima. Karani huyo ni kijana wa kwetu ingawa si wa kabila letu. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, yeye akazaliwa hukuhuku na anaongea Kipsigis, lugha yetu, vizuri kuliko mimi. Ni mtu wa utani. Siku hiyo hakutania. Lori lilipofika jua lilikuwa limeshaegemea kilima, na badala ya kupakia moja kwa moja kama zamani, akaanza kupita gunia baada ya gunia akitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipofika kwa Mama aliutoa mkono haraka, akaangalia chini.

"Mama, hii imeshika moto. Siwezi pakia."

"Umeipokea ikiwa baridi, kijana wangu. Imeshika moto ikiwa kwako."

"Najua, Mama. Lakini kuna agizo mpya. Ikishika moto hapa kituoni inarudi kwa mkulima." Akanitupia jicho. "Wanasema chuo kikuu kilipima hapahapa, kikaona lori haina makosa. Wanasema ni utafiti wenu."

Ndipo nikaelewa. Profesa alikuwa amekipa kiwanda muhtasari bila kuniambia, na jina langu likiwa chini ya lake. Kina mama wote walinigeukia. Mama yangu hakunigeukia. Aliliburuta gunia lake hadi kwenye ua, akalifungua, akalimwaga lote. Majani yalikuwa mekundu na yalifuka mvuke, na yalikuwa majani ya asubuhi yetu, mistari yangu na mistari yake. Akasimama kuyatazama huku ameshika kiuno.

"Kumbe," akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "nilimchinjia kuku mtu wa kunirudishia majani."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kwenye Biblia na kwenye kanga wanasema mambo mengi kuhusu wageni, na wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni alikuwa amekuja na mwenyeji ndiye aliyeugua. Tulitembea kurudi nyumbani na magunia matupu begani. Nilitaka kumwambia pole, lakini nilijua nikifungua mdomo nitalia, na sikutaka kulia kwa ajili ya yule mtu wa viatu.

Tulipofika kwenye lango letu Mama akasimama. "Huyo Profesa wako amekuja hapa mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama."

"Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe." Akafungua lango. "Njoo na hizo vipimajoto zako. Siku yoyote unataka."

Kabla ya ibada ya Jumapili aliitisha mkutano kituoni. Mzee mmoja alipinga, akasema tutaonekana watu wachafu mbele ya nchi nzima. Mama alimjibu kwa heshima lakini hakumpa nafasi ya kupumua. Alisema tulijipamba kwa ajili ya wageni, na sasa pambo letu limegeuzwa fimbo ya kutuchapia. Yeye pambo hilo amelivua, na anayetaka kuendelea kulivaa alivae, ila majani yake yakirudishwa asije kulia kwake. Wakakubali, mmoja mmoja, mzee yule akiwa wa mwisho. Karani naye akaomba awekwe kwenye orodha ya ridhaa, eti na yeye amechoka kuunguza mikono.

Nilipima msimu mzima. Nilikuja siku za mvua na siku za jua, siku za sokoni na siku za mazishi, na hakuna aliyevaa sweta ya kanisani. Majani yaliingia kituoni yakiwa baridi, na joto likawa linapanda kadiri lori linavyokawia. Siku chache lilipowahi, magunia yaliondoka salama, hata yale ya mkulima ambaye wote tunajua ni mvivu. Grafu yangu ilikuwa imepindapinda kama njia ya kwetu ya mtoni. Niliipenda hivyohivyo. Mkemia aliitazama akaniambia kwamba sasa hata vipimo vyake vinaanza kueleweka, na mchumi akasema itabidi aandike upya, akatukana kidogo, kisha akacheka.

Profesa hakucheka. Aligeuza karatasi huku na huku. "Huenda sasa wanayaunguza makusudi," akasema. "Wameudhika na agizo."

Haki ya Mungu! Tukijipamba, ni kweli. Tukivua pambo, ni uongo! "Prof.," nikamwambia, "chagua siku wewe mwenyewe. Usiniambie, usimwambie mtu. Njoo ukae mpaka lori lifike. Ukiona mtu anayaunguza, ninafuta sura yote na shahada uikalie." Sauti yangu ilisikika hadi kwa katibu wake. Nilitaka isikike.

Nadhani hakutaka kuonekana anaogopa tope. Alikuja katikati ya juma, adhuhuri, baada ya mvua ya asubuhi, na viatu vyake viliacha kung'aa kabla hajafika kwenye ngazi ya kituo. Nilikuwa pale na vipimajoto vyangu. Mama alikuwa ameketi kwenye boriti, epuroni imechanika, gambuti zina udongo hadi magotini. Hakusimama. Kwa mtu anayemjua mama yangu, hilo pekee lilikuwa tangazo.

"Karibu, Profesa," akasema. "Leo hatujafagia."

Hakukuwa na kuku. Hakukuwa na mursik. Katikati ya mashamba ya chai, kilima hadi kilima, hakuna aliyempa mtu huyo hata kikombe cha chai, na nilimwona mama mmoja akitazama pembeni kwa aibu, mikono ikimwasha kutaka kumwekea maji motoni. Mama akamwita kwenye gunia lake. "Weka mkono. Umeona ni baridi?"

"Ni baridi," Profesa akakiri. "Majani mazuri."

"Kongoi, asante. Sasa keti."

Akaketi kwenye boriti, kati ya Mama na yule mzee aliyepinga. Tukasubiri. Mwanzoni aliuliza maswali, kisha akatazama simu, kisha akatazama barabara. Mvua nyingine ikaja ikapiga mabati mpaka hakuna aliyesikia lolote, ikaondoka. Kila mtu alikaa mahali pake na hakuna aliyegusa gunia. Profesa mwenyewe alikuwa akiyachunga magunia kwa macho, namsifu kwa hilo. Kivuli cha kibanda kilipofika ng'ambo ya barabara, akasimama akajikung'uta.

"Mama, ningependa kuondoka kabla ya giza."

"Hata sisi," Mama akasema.

Kisha akainuka. Akamshika Profesa mkono kama unavyomshika mtoto anayeenda kunawa, akamkunja mkono wa shati taratibu, na kuuzamisha ndani ya gunia lilelile la adhuhuri, mpaka kwenye kiwiko. Nilimwona akishtuka. Lakini hakuutoa. Alibaki ameinama vile, uso karibu na majani, na harufu ile ya ndizi zilizolala lazima ilimfikia. Karani aliacha kuandika.

Profesa akainua macho, akaitazama barabara tupu mpaka inapokata kona.

"Lori litafika saa ngapi?" akauliza.

Kicheko kilichopasuka pale kiliwafanya ng'ombe wa jirani wainue vichwa. Yule mzee alicheka mpaka akashika boriti, na mimi nilicheka huku machozi yananitoka, machozi niliyokuwa nimeyazuia tangu ile Alhamisi. Mama pekee hakucheka. Alikuwa bado amemshika mkono ndani ya gunia.

"Hilo ndilo swali, Profesa," akamwambia. "Anzia hapo."